Pana Mtu Hapa

Sogeeni. Sogeeni mpaka mwisho wa benchi.
Nayasema haya mara nne kila Jumamosi
kwenye ukumbi wa bustani ya Luchelele,
bati juu, ziwa mgongoni,
mkononi tochi yenye betri za kuazima.
Sogeeni, na hawasogei.
Wa kwanza akifika katikati anakaa hapohapo
kama mawe yetu ya Mwanza,
hasukumwi na wimbi wala na adabu,
na wa nyuma yake wanayapanda magoti,
samahani, nimekukanyaga? samahani,
soda inamwagika, kiatu kimoja kinabaki njiani.

Mkoba haukati tiketi, nawaambia.
Juzi mama mmoja wa Igoma alitandika kanga
juu ya nafasi sita. Nikaimulika, nikasoma:
MGENI NJOO MWENYEJI APONE.
Wageni kumi na mmoja wamesimama ukutani.
"Wanakuja," akasema, "wameshapita Mkolani."
Walikuwa wanapita Mkolani tangu onyesho la saa nane.

Mabenchi mawili ya mbele yamepakwa rangi ya buluu.
Maana yake utalowa.
Kiboko wetu wa turubai ana pampu tumboni
na hachagui.
Tumeandika, tumechora na tone la maji kwa asiyesoma,
lakini wapo watu wakisikia "mbele" masikio yanaziba.
Alikuja bwana mmoja, suti rangi ya maziwa:
"Mimi sikai nyuma ya mtu."
Nikamwonyesha buluu. Akaniuliza kama namjua yeye ni nani.
Kiboko naye hakumjua.

Pazuri, ukiniuliza, ni benchi la saba, kushoto,
pale upepo wa ziwa unapoingia
na kuwapeleka wadudu wa taa kwa wengine.
Pabaya panajulikana: nyuma ya nguzo,
benchi la tatu, mwisho kabisa kulia.
Hapo unaona nusu ya jukwaa na nusu ya zege.
Hata walioingia bure hawapataki.

Lufungulo anapataka.
Fundi redio wa Nyegezi, vidole vina makovu ya waya wa moto.
Anafika mapema, anasogea bila kuambiwa,
anazipita nafasi nzuri zote
kama mtu anayepita dukani bila shida ya kununua,
anaketi, bega kwenye nguzo.
Miezi mitatu nilidhani ni ustaarabu.
Nikataka kumhamishia la saba.
"Niache. Hapa naona."
"Unaona nini, na nguzo hii?"
Akanipisha.

Nikaweka kichwa changu mahali pa kichwa chake.
Kati ya nguzo na pazia pana mwanya wa kiganja.
Ndani ya mwanya binti amekalia ndoo,
nusu ya kiboko imemfika kiunoni,
anafunga kamba za viatu,
anatafuna andazi.
Ni Milembe wake. Ndiye miguu ya nyuma.
Ukumbi mzima huishangilia miguu hiyo
na hakuna aliyewahi kuuona uso.

Akageuka. Akaliinua andazi kidogo kuelekea kwetu,
kumwonyesha baba kwamba leo amekula,
kisha akazama ndani ya turubai
akawa mnyama.

Jumamosi hii mvua imewashika watu Buhongwa.
Lufungulo hajafika. Ukumbi umejaa hadi ngazini,
na kijana mwenye tiketi halali kabisa
amesimama benchi la tatu, mwisho kulia,
mbele ya nafasi niliyoitandikia koti langu la kazi.
Mimi. Mwenye tochi. Mimi wa mkoba haukati tiketi.
"Dada, pana mtu hapa?"

Taa zinafifia. Pampu inakohoa.
Nyuma ya pazia ndoo inakwaruza sakafu.

"Pana mtu," nikasema.